Grand Kallé: mwimbaji aliyetaka santuri iwe yake

Mwanamuziki aliyeingia studio ya kurekodi mjini Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwanzoni mwa miaka ya 1950 mara nyingi aliingia mikono mitupu. Gita lilikuwa la mwenye studio. Tumba zilikuwa za mwenye studio, na hata saksafoni ilirudishwa mahali pake kazi ilipokwisha. Mwimbaji alilipwa ujira kwa wimbo aliorekodi, akaenda zake, na sauti yake ikabaki kuwa mali ya mfanyabiashara aliyelipa. Santuri ikiuzwa mia moja au ikiuzwa maelfu, hilo halikumhusu tena.

Joseph Kabasele alianzia hapohapo, kama wenzake wote. Watu walimwita Kallé, kisha Grand Kallé, na orkestra yake ya African Jazz ilibadilisha muziki wa Kongo nzima. Wimbo wake wa uhuru unajulikana na kila mtu kuanzia Matadi hadi Kamango. Ila kuna sehemu ya maisha yake isiyozungumzwa vya kutosha: namna alivyopita kutoka kwa mwimbaji wa kulipwa ujira hadi kuwa Mkongo wa kwanza mwenye lebo yake mwenyewe, na yaliyomfika baada ya hapo. Habari ya santuri zake ni habari ya nani anamiliki sauti ya mtu.

Alizaliwa tarehe 16 Desemba 1930 huko Matadi, mji wa bandari, akakulia Léopoldville. Alikuwa wa ukoo mmoja na Joseph Malula, padri ambaye baadaye angekuwa askofu mkuu wa Kinshasa na kardinali. Aliimba kwaya ya kanisa, akasoma hadi kupata kazi ya ukarani, kazi ya kupiga chapa kwa taipureta. Kwa kijana Mwafrika wa zama za Wabelgiji, hiyo ilikuwa nafasi ya kuheshimika: shati safi, mshahara wa kila mwezi, Kifaransa kilichonyooka. Kuiacha ili uwe mwanamuziki kulionekana kama kujitupa. Muziki ulihesabiwa kuwa jambo la walevi na wahuni, na inasemwa wazi na waliomfahamu kwamba Kabasele ndiye aliyeuvika koti na tai.

Wafanyabiashara waliotangulia kuingiza studio mjini hawakuwa watu wa muziki hasa. Wengi walikuwa Wagiriki na Wayahudi waliouza vitambaa na bidhaa za dukani, wakagundua kwamba santuri nazo zinauzika. Nicolas Jéronimidis alifungua Ngoma mwaka 1948. Mwaka huohuo Wendo Kolosoy na mpiga gita Henri Bowane wakarekodi kwake wimbo wa Marie-Louise, uliozua kelele hadi kwa mapadri. Jéronimidis alikuwa na akili ya biashara: aliwapakia waimbaji kwenye gari na kuzunguka nao nchini, wanaimba sokoni, santuri zinauzwa pembeni. Ndugu wa familia ya Benatar walianzisha Opika. Mwaka 1950 Basile Papadimitriou akaanzisha Loningisa, nyumba ambayo ingemlea Franco, mpiga gita wa OK Jazz.

Sauti zilizokuwa zimewatangulia zilitoka ng'ambo. Tangu 1933 kampuni ya Kiingereza ya HMV ilikuwa ikiuza Afrika santuri za muziki wa Kuba, mfululizo uliotiwa alama ya GV na namba. Vijana wa Léopoldville walizijua namba hizo kama wanavyojua majina ya ndugu zao. Muziki ule ulikuwa umetoka Afrika na watumwa, ukavuka bahari, ukarudi ukiwa kwenye sahani nyeusi, na Wakongo wakautambua mara moja. Jina la jazz nalo lilipendwa kila mahali, kutoka OK Jazz ya Léopoldville hadi Morogoro Jazz ya Tanganyika, ijapokuwa kilichochezwa na orkestra hizo kilikuwa rumba, cha-cha na muziki wa dansi wa kwao.

Inafaa kueleza santuri yenyewe ilivyokuwa, kwa sababu umbo lake ndilo lililoamua umbo la nyimbo. Ilikuwa sahani ya sentimita 25, nzito, inayovunjika ikianguka, ikizunguka mara 78 kwa dakika. Kila upande ulibeba dakika tatu hivi na si zaidi. Wimbo uliochezwa baa kwa robo saa, watu wakiwa wamekumbatiana, ulilazimika kukatwa ili uenee humo. Hapakuwa na nafasi ya kurekebisha kosa baadaye: waimbaji na wapigaji walisimama pamoja, wakaanza pamoja, na mpiga gita akikosea mwishoni, wote wanarudia tangu mwanzo. Anayesikiliza rekodi za Kabasele za wakati huo anaona jinsi alivyojifunza kubana: gita linafungua kwa sekunde chache, sauti inaingia, ubeti, kiitikio, gita tena, mwisho. Hakuna pumzi iliyopotea.

Kabasele alifika Opika mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1953 African Jazz ikazaliwa. Huko alikutana na wapiga gita ambao kila mmoja peke yake angetosha kuifanya orkestra iwe na jina. Emmanuel Tshilumba, aliyejulikana kama Tino Baroza. Charles Mwamba, yaani Déchaud. Na mdogo wake Déchaud, Nicolas Kasanda, kijana aliyezaliwa 1939 ambaye alianza kupiga akiwa bado wa umri wa shule na ambaye dunia ingemwita Docteur Nico. Wabelgiji nao walishiriki. Fud Candrix, mpiga saksafoni aliyekuwa na jina Ulaya katika jazz yenyewe, alirekodi na vijana hao. Gilbert Warnant aliongeza kinanda cha umeme kilichoitwa Solovox. Kwa hiyo mtu akiuliza jazz ya African Jazz ilitoka wapi, jibu lipo katika rekodi hizo: saksafoni inajibizana na mwimbaji badala ya kumfuata tu nyuma.

Sauti ya Kabasele ilikuwa nyororo na ya juu, isiyo na haraka. Hakupiga kelele. Wendo aliimba kama mtu wa mto, akipandisha sauti hadi ivuke ng'ambo. Kabasele aliimba karibu na mikrofoni, kama anayemwambia mtu mmoja tu jambo la siri. Mtindo huo haungewezekana kabla ya studio. Ni mikrofoni iliyomruhusu mwimbaji kunong'ona mbele ya tumba na saksafoni na bado akasikika, na Kabasele alilielewa hilo mapema kuliko wengi.

Mfano mzuri ni Parafifi, wimbo wake wa miaka ile ya Opika. Aliutunga kumsifu Félicité Safouesse, mtangazaji wa Radio Brazzaville. Tuangalie ujanja uliomo, kama ujanja ndilo neno la haki kwa wimbo mzuri hivyo. Radio Brazzaville haikuwa redio ndogo. Wakati wa vita kuu ya pili, Wafaransa Huru waliijengea mtambo wa kilowati 50, na mawimbi yake yalifika mbali sana barani. Mwimbaji anamsifu mtangazaji. Mtangazaji ana santuri mkononi na Afrika ya Kati yote masikioni. Mapenzi na matangazo vilisafiri pamoja.

Wimbo mwingine, Jamais Kolonga, ulitungwa na Tino Baroza. Jamais Kolonga ni mtu halisi, jina lake Jean Lema. Katika sherehe moja ambapo African Jazz ilikuwa inapiga, alimwendea mwanamke mzungu akamwomba wacheze, jambo ambalo hakuna Mwafrika aliyelithubutu mbele za watu. Mwanamke akakubali. Kisa hicho kingebaki cha kusimuliana vilabuni. Badala yake kikatiwa kwenye santuri, na nchi nzima ikajua kwamba jambo hilo limewezekana. Ikumbukwe kwamba miaka hiyohiyo Adou Elenga alifungwa kwa sababu ya Ata Ndele, wimbo uliosema kwamba mambo lazima yabadilike siku moja. Serikali ya kikoloni ilielewa vizuri nguvu ya dakika tatu.

Huku mashariki, santuri zilifika kwa taabu. Shehena iliyopanda meli ya mto hadi Stanleyville, Kisangani ya leo, ilibaki na safari ndefu ya lori kupitia Mambasa na Komanda kabla ya kufika Beni na Butembo, na barabara ya msituni haina huruma kwa kitu kinachovunjika. Redio ilifika kwanza. Mashariki pia ilikuwa na njia zake za kurekodi. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti aliyekuwa na makao Afrika Kusini, alipita na vyombo vyake vya kunasa sauti. Katika ukingo wa msitu wa Ituri alirekodi Wanande, Wabira, Wabudu na Wambuti. Kusini, huko Jadotville, Likasi ya leo, alimrekodi kijana aliyepiga gita peke yake, Mwenda Jean Bosco, ambaye Masanga yake ilimpatia sifa hadi Nairobi. Kwa hiyo Mnande aliyepiga ngoma yake mbele ya mikrofoni ya Tracey na Kabasele aliyesimama mbele ya mikrofoni ya Opika walikuwa watu wa kizazi kimoja cha kunaswa sauti. Tofauti ni kwamba Kabasele alikuwa mjini, karibu na duka, na aliweza kuona kwa macho yake ni santuri ngapi zinatoka na fedha zinaingia mfuko wa nani.

Opika ilipofunga shughuli, African Jazz ilihamia Esengo, lebo iliyoanzishwa mwaka 1957 na Mgiriki mwingine, Dino Antonopoulos. Huko wapigaji wa orkestra ya Rock-a-Mambo, akina Jean-Serge Essous na Nino Malapet, walichanganyika nao, na rekodi za mchanganyiko huo zina ala za kupuliza zilizonona kuliko awali. Mwaka 1959 kijana aliyekuwa akimletea Kabasele nyimbo zake kwa muda alipokelewa kuwa mwimbaji wa orkestra. Jina lake Pascal Tabu, na shuleni walimwita Rochereau. Hivyo ndivyo Tabu Ley alivyoingia.

Kisha ukaja mwaka 1960.

Tarehe 20 Januari viongozi wa Kongo walikaa na Wabelgiji mjini Brussels katika mkutano ulioitwa Table Ronde. Msomi Mkongo Thomas Kanza alipanga wanamuziki nao wasafiri, kwa sababu aliona kwamba wajumbe wa nchi watahitaji kuburudika kwa sauti ya kwao, na kwamba Ulaya inapaswa kuisikia. Walikwenda Kabasele, Nico, Déchaud, Roger Izeidi wa manyanga, na Petit Pierre wa ngoma. OK Jazz ikawaazima mwimbaji Vicky Longomba na mpiga gita Brazzos. Wapinzani wa jukwaani, African Jazz na OK Jazz, wakawa kikosi kimoja, kama vyama vilivyokaa upande mmoja wa meza.

Tarehe 27 Januari ilikubaliwa kwamba uhuru utakuwa 30 Juni. Wimbo wa Indépendance Cha Cha ulipigwa mbele ya wajumbe katika Hoteli Plaza, ukarekodiwa palepale Brussels, ukatangazwa redioni, na kabla ya mwezi Juni ulikuwa umeshavuka mipaka. Nchi nyingine za Afrika zilizopata bendera mwaka huo ziliucheza kama wao ndio walioutunga.

Uusikilize kwa makini. Gita la Nico linafungua kwa wepesi, linaruka kama mtoto anayetumwa dukani na fedha mkononi. Mdundo ni wa cha-cha ya Kuba, na maneno yanapita kutoka lugha moja ya Kongo hadi nyingine, na Kifaransa katikati. Halafu kinakuja kitu ambacho wimbo wa mapenzi hauna: orodha. Vyama vinatajwa, kimoja baada ya kingine. Viongozi wanatajwa. Lumumba, ambaye siku chache tu kabla alikuwa gerezani na akatolewa ili aje mkutanoni, yumo. Kasavubu yumo. Tshombe yumo, na Kalonji yumo. Wote ndani ya dakika tatu, wakishikwa na kiitikio kimoja.

Na hapo ndipo rekodi inaonyesha kazi yake, kwa sababu haikubadilika wakati watu walibadilika. Tarehe 11 Julai Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga. Tarehe 8 Agosti Kalonji akafanya vivyo hivyo Kasai Kusini. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba aliuawa. Hakuna siku nyingine ambayo majina yale yangeweza kuimbwa pamoja kwa furaha bila aibu. Msikilizaji wa Beni anayeujua mwendo wa nchi hii tangu hapo anausikia wimbo huo na moyo unamuuma na kufurahi kwa pamoja, na ni haki yake.

Brussels ilimpa Kabasele kitu kingine ambacho hakikuwa kwenye ajenda ya mkutano. Aliingia studio za Ulaya, akaona mashine, akajua gharama zake, akakaa mezani na kampuni ya Kibelgiji ya Fonior. Akatoka na makubaliano: angeanzisha lebo yake, Surboum African Jazz. Fonior ingechapa na kusambaza, naye angeamua nani arekodi na nini kirekodiwe. Kwa mara ya kwanza mwanamuziki wa Kongo alikuwa mwenye nyumba. Jambo hili lilifanyika mwaka uleule wa uhuru wa nchi, na kwa watu wa muziki lilikuwa na uzito wake. Bendera ilibadilishwa mbele ya kamera. Nembo ya santuri ilibadilishwa bila hotuba.

Huko Brussels pia, katika klabu ya usiku ya Les Anges Noirs, Kabasele alikutana na Mkameruni mrefu aliyepuliza saksafoni na kupiga kinanda, Manu Dibango. Alimchukua studio. Mwaka 1961 Dibango alikwenda Léopoldville na mke wake, akakaa miaka miwili, akafungua klabu yake. Muziki wa African Jazz wa miaka hiyo una alama zake wazi: piano inayojaza nafasi ambazo zamani zilikuwa tupu, saksafoni inayojua jazz ya Marekani na haijidai. Afrika Mokili Mobimba, utunzi wa Déchaud, ni wa kipindi hiki, na kwa maoni ya wengi hakuna rekodi ya rumba iliyo safi kuishinda. Mwandishi wa makala haya yuko pamoja na hao wengi.

Halafu Kabasele akafanya jambo la ukarimu ambalo mpinzani wa biashara hafanyi kwa urahisi. Aliwapeleka OK Jazz Brussels, akawarekodi chini ya Surboum. Franco na wenzake waliimba kwa lebo ya mshindani wao, wakalipwa, wakarudi nyumbani na vyombo na uzoefu. Muda si mrefu Franco akawa na lebo yake, Epanza Makita. Alijifunza kwa kuona.

Lakini mwenye nyumba ana hesabu zake, na wapangaji wana zao. Ndani ya African Jazz swali lile la Opika lilirudi, safari hii likimwelekea Kabasele mwenyewe: nani analipwa nini? Wapigaji waliona nembo ya Surboum ikienea, wakaona kiongozi akisafiri na kuishi kwa fahari, na hawakuona fungu lao likiongezeka kwa kiwango hicho. Manung'uniko yalikuwa ya muda mrefu. Mwaka 1963 yakapasuka. Nico, Rochereau, Déchaud, Izeidi, karibu orkestra nzima, waliondoka kwa mkupuo na kuunda African Fiesta. Kabasele alibaki na jina.

Ni vigumu kumtetea kabisa, na si lazima. Mtu aliyeteseka kwa ujira mdogo wa wafanyabiashara alipaswa kuwa wa kwanza kuandika hesabu za wenzake kwa uwazi. Wakati huohuo ni yeye aliyebeba hatari: yeye ndiye aliyeweka sahihi na Fonior, yeye ndiye aliyedaiwa tiketi na hoteli. Mirabaha ilikuwa jambo geni. Mikataba ya orkestra ilikuwa ya mdomo. Katika hali hiyo hata mtu mwema hugeuka kuwa bosi ambaye hakukusudia kuwa.

Kilichofuata kinaeleza zaidi kuliko ugomvi wenyewe. Walioondoka hawakurudi kwa Wagiriki kuomba ujira. Izeidi alianzisha lebo ya Vita, na African Fiesta ikarekodi humo. Nico na Rochereau walipoachana mwaka 1965, Nico alikwenda na African Fiesta Sukisa, na jina la Sukisa likawa pia kwenye nembo ya santuri zake. Verckys, mpuliza saksafoni wa Franco, alipojitenga alifungua Vévé, iliyolea orkestra nyingi za vijana. Katika miaka kumi tu ikawa jambo la kawaida kwamba mwanamuziki mkubwa wa Kongo ana lebo. Kabla ya Surboum hakuwako hata mmoja. Franco alifika mbali zaidi: miaka ya 1970, Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilipotaifisha mali za wageni, kiwanda cha kuchapa santuri cha MAZADIS kiliwekwa chini ya uongozi wake.

Kabasele alijaribu kuijenga upya African Jazz kwa vijana wapya, na kuna rekodi nzuri za wakati huo ambazo hazijulikani inavyostahili. Lakini kituo cha muziki kilikuwa kimehama. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa Paris, akiongoza kundi la studio lililoitwa African Team. Dibango alikuwemo, Essous alikuwemo, na Gonzalo Fernández, mpiga filimbi wa Kuba, aliungana nao. Santuri sasa zilikuwa kubwa, za mizunguko 33, na wimbo ungeweza kutembea dakika sita au saba bila kukatwa. Mtu aliyelelewa na dakika tatu alipata nafasi akiwa amezeeka kidogo kisauti. Bado alijua kukaa nyuma ya mdundo na kuuacha ungoje.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya maradhi na ya fedha kidogo. Alifariki tarehe 11 Februari 1983, akiwa na umri wa miaka 52. Nico alimfuata mwaka 1985, Franco mwaka 1989.

Na santuri? Fonior ilifilisika. Rekodi za Surboum zilipita mikono, na kampuni ya Sonodisc ya Paris ndiyo iliyozitoa tena kwa CD, ili watoto wa waliozicheza wazisikie. Mwaka 2013 kampuni ya Sterns ya London ilitoa CD mbili zenye kitabu kamili kuhusu maisha ya Kabasele, kazi ya uangalifu mkubwa. Ni jambo la kushukuru, na ni jambo la kuuma pia, kwamba anayetaka kushika mkononi urithi wa Grand Kallé hulazimika kuuagiza kutoka Ulaya. Tarehe 14 Desemba 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, kwa ombi la Kinshasa na Brazzaville kwa pamoja. Cheti hicho ni cha muziki. Hakisemi chochote juu ya kanda za awali ziko kabati gani na ni nani ana ufunguo.

Swali hilo linawahusu vijana wa Butembo na Beni wanaorekodi leo katika vyumba vidogo vyenye kompyuta moja, godoro limeegemezwa ukutani ili kuzuia mwangwi. Gharama imeshuka sana. Hakuna anayehitaji kupanda ndege kwenda Brussels ili sauti yake inaswe vizuri. Lakini kijana anayelipa studio, akamwachia mwenye kompyuta faili zote, na kuondoka na wimbo mmoja kwenye simu, amefanya makubaliano yaleyale ya Opika bila kujua. Aliyetunga mdundo hana karatasi, aliyeimba kiitikio hana karatasi, na wimbo ukishika kasi ndipo ugomvi unapoanza. Mambo machache yangetosha: majina ya watunzi yaandikwe kabla ya kurekodi, mgawo ukubaliwe kwa asilimia na kutiwa sahihi, nakala ya faili za kila sauti ibaki kwa msanii. African Jazz ilivunjika kwa kukosa karatasi kama hizo.

Kazi ya Kabasele mwenyewe bado inachukuliwa na kufanyiwa kazi. Mwaka 2010, nchi ilipotimiza miaka 50 ya uhuru, Baloji, msanii aliyezaliwa Lubumbashi na kukulia Ubelgiji, alijenga wimbo wake juu ya Indépendance Cha Cha. Aliupa jina la Kifaransa na la Kiswahili kwa pamoja, Le jour d'après na Siku ya Baadaye, na badala ya kushangilia alihoji hiyo nusu karne ilileta nini. Wimbo ulioimbwa Brussels ulipata jibu lenye jina la Kiswahili cha Katanga.

Anayetaka kumsikiliza Grand Kallé kwa mpangilio aanze na Parafifi, asikie sauti ya kijana wa miaka ishirini na kitu akiwa karibu kabisa na mikrofoni. Kisha Indépendance Cha Cha, na baada yake Table Ronde, wimbo wa safari ileile, ambao redio huusahau. Afrika Mokili Mobimba asiusikilize kwenye simu kama ana njia nyingine, maana gita la besi hupotea na ndilo linalobeba kila kitu. Amalizie na African Team ya Paris, ambamo filimbi ya Fernández inajibizana na saksafoni ya Dibango huku Kabasele akingoja zamu yake.